Kukaza kanga tumboni hakuzuii mkojo kuvuja
Mama aliyejifungua akilalamika kwamba mkojo unamtoka akikohoa au kucheka, huambiwa akaze kanga tumboni zaidi. Kanga inatuliza mgongo, sikatai, lakini ikibana mno husukuma mzigo chini, kwenye misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu kutoka chini, ambayo uzazi umekwisha kuichosha. Misuli hiyo hufuata pumzi: ukivuta hewa, kiwambo kilicho chini ya mapafu hushuka, nayo hulegea, ukitoa, hupanda.

Basi, ili kuizoeza misuli hiyo, lala chali, magoti juu, nyayo sakafuni. Toa pumzi taratibu huku ukikaza kana kwamba unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, bila kubana makalio. Ukivuta pumzi, achia kabisa. Hapo ndipo wengi hukosea. Na ukiinua ndoo, toa pumzi, usiizuie.