Kuwaza mwendo si kuwaza maumivu

Wiki hii nimeulizwa swali lilelile mara tatu, na hilo la tatu ndilo limenikalisha niandike. Mgonjwa ana maumivu yanayoteremka kutoka kiunoni mpaka unyayoni, mguu unawaka, vidole vinakufa ganzi. Namwomba afumbe macho, ausikie mguu wake ukinyooka kwenye goti bila kuusogeza hata kidogo; hiyo ndiyo taswira ya mwendo. Anafumbua macho na kuniuliza: "Kwa hiyo unasema haya maumivu nayawaza tu?"

"Kuniambia niwaze mwendo ni kusema siumwi kweli"

Sijasema hivyo na sitasema. Dhana hii inanichosha kuliko zote kwa sababu inamfanya mtu aikatae tiba kabla hajaionja.

Hakuna mwendo wa hiari unaoanzia kwenye msuli. Mguu haujainuka, tayari ubongo umeshaupanga mwendo huo: uanzie wapi, uende kasi gani, uishie wapi. Ukiuwaza mwendo kwa makini, sehemu nyingi zilezile zinazoupanga huamka, pamoja na zile zinazofuatilia kiungo kiko wapi. Kinachozuiwa ni amri ya mwisho ya kuukaza msuli. Ndiyo maana mtu mzima wa afya akiwaza anatembea umbali fulani, muda anaotumia hukaribiana na ule wa kuutembea kweli. Jambo hili limepimwa tangu miaka ya 1980.

Sasa lilete kwenye neva, yaani mshipa wa fahamu. Neva iliyobanwa au kuwashwa kwa wiki nyingi huwa nyepesi kushtuka. Mvuto mdogo ambao jana usingeuhisi, leo unakuchoma. Mwili nao hujifunza kujihami: goti halijafika nusu ya safari, misuli ya nyuma ya paja imeshakaza na kiuno kimeshajikunja upande. Mtu anayefanya zoezi la neva, yaani mwendo wa kuisogeza neva, katika hali hiyo anafanya zoezi la kujikaza. Nimeona watu wakirudia hivyo kila siku kwa bidii kubwa, halafu wanaambiwa neva yao ni sugu. Inaniuma.

Taswira ya mwendo inaupa mfumo wa fahamu nafasi ya kuupitia mwendo uleule pasipo neva kuvutwa. Kisha mwendo halisi unafuata papo hapo, mdogo, kabla woga haujarudi. Mimi hufanya hivi: mgonjwa anakaa kwenye kiti, anawaza mara tano goti likinyooka huku kichwa kikiinuka kutazama juu, halafu goti likikunjwa huku kidevu kikishuka. Baada ya hapo anafanya kweli mara tano, akiishia pale mvuto unapoanza kuhisika. Anapumzika, anarudia.

Nina masharti mawili nisiyoyalegeza. La kwanza, kaa vilevile utakavyokaa ukifanya zoezi lenyewe. Usijilaze kitandani na kuwaza umekaa kwenye kiti, kwa kuwa mkao wa mwili huisaidia au huivuruga taswira. La pili, tumia saa. Kama zoezi halisi linachukua sekunde thelathini na wewe umeliwaza kwa kumi, kuna sehemu umeiruka, na mara nyingi ni ile unayoiogopa. Rudi hapohapo.

Nisieleweke kwamba naahidi miujiza. Ushahidi wa mazoezi ya neva kwa maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, na ya shingo yanayoshuka mkononi, ni mzuri kiasi. Wa kuyaunganisha na taswira bado ni mdogo. Naunganisha pale ninapoona woga na kujikaza ndivyo vinavyomzuia mtu.

"Neva imekaza, ivutwe mpaka ilegee"

Tafadhali, acheni kuivuta neva kama mnavyovuta msuli. Neva inahitaji damu wakati wote, na mishipa midogo inayoipelekea damu hubanwa inaponyooshwa. Katika majaribio ya sungura ya mwaka 1973, kuirefusha neva kwa asilimia 8 tu kulianza kuzuia damu isitoke kwenye neva, na kwa takriban asilimia 15 mzunguko ukasimama kabisa. Ukivuta na kushikilia huku ganzi ikiongezeka, unaiongezea njaa neva yenye njaa.

Ninachofundisha kwanza ni kuitelezesha: upande mmoja wa neva unanyooka huku upande wa pili ukilegea, kama zoezi la goti na kichwa nililoeleza. Watafiti Coppieters na Butler walipima neva ya mediani, ile inayoshuka mkononi hadi kiganjani, kwenye maiti, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Kwenye kifundo cha mkono, mbinu ya kutelezesha iliisogeza neva milimita 12.6 na kuiongezea mvuto kwa asilimia 0.8 tu. Mbinu ya kuvuta pande zote mbili iliisogeza milimita 6.1, na mvuto ukapanda kwa asilimia 6.8. Msogeo zaidi kwa mvuto mdogo. Kwa neva iliyokasirika, hicho ndicho unachotaka.

"Kuwaza tu hakuwezi kudhuru"

Kunaweza. Mwaka 2008 mtafiti wa maumivu Lorimer Moseley na wenzake walionyesha kwamba kwa watu wenye maumivu sugu ya mkono, kuwaza kuusogeza tu kuliongeza maumivu na hata uvimbe. Kwa hiyo taswira ina dozi. Maumivu yakipanda ukiwaza, punguza ukubwa wa mwendo unaouwaza. Yakizidi, rudi nyuma zaidi: tazama picha za mikono au miguu, useme tu upi wa kulia na upi wa kushoto.

"Mimi sioni picha kichwani"

Huhitaji picha. Wengine hawaoni chochote wakifumba macho. Sikia uzito wa mguu, nguo ikiteleza kwenye paja, kisigino kikiacha sakafu. Ukishindwa, fanya upande usiouma kwanza, kisha uhamishe hisia hiyo.

"Nikiwaza vizuri sina haja ya kufanya"

Neva haitelezi kwa mawazo. Taswira inatangulia zoezi.

"Ganzi ni ganzi, nitaanza na mazoezi nyumbani"

Ganzi sehemu za siri au kuzunguka njia ya haja kubwa, mkojo unaogoma kutoka au unaotoka bila wewe kujua, miguu yote miwili kuishiwa nguvu: hapo hakuna taswira wala kutelezesha neva. Ni hospitali, siku hiyohiyo. Na kama unyayo umeanza kuburuzika unapotembea, onana na daktari kabla ya kuja kwangu.