Moshi mweusi si nguvu ya injini

Malalamiko ya moshi wa meli na magari hutujia sisi wakaguzi kwa msimu. Kaskazi ikianza kuvuma, wakaazi wa upande wa Malindi, hapa Mjini Unguja, hutuonesha kanzu zilizoanikwa nyeupe asubuhi zikaanuliwa na nukta nyeusi. Bandari iko ncha ya kaskazini ya Mji Mkongwe, kwa hiyo moshi unasukumwa majumbani. Kusi ikirudi simu hupungua, na watu hutushukuru. Hatukufanya kitu, upepo tu umegeuka.

Tuanze na meli. Meli iliyofunga gatini haijazima kila kitu. Injini kubwa imelala, ila jenereta zinaendelea kwa ajili ya taa, majokofu na winchi. Tangu tarehe 1 Januari 2020, kanuni za kimataifa hazitaki mafuta ya meli yazidi salfa asilimia 0.50, zamani ilikuwa 3.50. Kwa meli ya tani 400 za ujazo na zaidi, mkaguzi huomba kwanza hati ya kupokelea mafuta, inayotakiwa kuhifadhiwa miaka mitatu. Kisha huitazama sampuli iliyofungwa kwa lakiri, nayo hukaa miezi 12 au zaidi kama mafuta hayajaisha. Akiwa na shaka, huchukua sampuli nyingine. Nahodha akisema "hati iko kwa wakala", hilo si jibu: hati hukaa ndani ya chombo, na meli inaweza kuzuiwa kuondoka. Walio chini ya tani 400 hawadaiwi makaratasi hayo, lakini kikomo cha salfa kinawahusu vilevile. Hapa ndipo tunapobishana sana.

Barabarani hali ni nyingine. Kiwango cha dizeli ya magari Afrika Mashariki ni miligramu 50 za salfa kwa kilo, yaani sehemu moja ya mia ya kinachoruhusiwa baharini. Kwa hiyo gari ya mchanga, kijiko au greda ikitoa wingu, kabla ya kulaumu mafuta fungua chujio la hewa. Nimeshafungua la gari moja, nikaligonga kwenye tairi, likamwaga vumbi kama unga wa ngano. Dereva akaniambia gari isiyotoa moshi haivuti! Bwana, ule moshi ni dizeli uliyoinunua ikashindwa kuungua. Noza, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini, zikiwa mbovu ni hivyo hivyo. Na wanaochanganya mafuta ya taa ili kupunguza gharama wanaikausha pampu, inayotegemea dizeli kulainishwa.

Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Anayevuta zaidi ni utingo na mpakizi, si mimi ninayekuja na kipimo mara moja.

Mkiripoti, andikeni namba ya gari au jina la chombo lililoandikwa tezini (nyuma ya chombo), saa, mahali, na kama injini ilikuwa ya moto. Moshi wa dakika mbili tatu injini inapowashwa baridi, tafadhali, msituletee.