Je, wajua kwa nini Malindi ilimpokea Vasco da Gama ilhali Mombasa ilimkataa?

Wengi wanaofika kwenye nguzo ya Vasco da Gama, pale ufukweni Malindi, huondoka na jibu moja kati ya mawili: ama mfalme wa mji huu alikuwa mkarimu kupita kiasi, ama alihadaiwa na wageni asiowajua. Majibu yote mawili yanamdunisha mtu aliyekuwa akipiga hesabu ile ile inayopigwa na wizara za mambo ya nje hadi leo, yaani kumtazama kwanza jirani, kisha kuitazama dola kubwa inayopita, na kujiuliza dola hiyo itafaa nini mbele ya jirani huyo.

Jirani mwenyewe alikuwa Mombasa. Miji yote miwili iliishi kwa kaskazi na kusi, na yote miwili iliwagombea wafanyabiashara wale wale wa Gujarati na Bara Arabu, lakini Mombasa ilikuwa na bandari bora zaidi na nguvu zaidi. Meli za Wareno zilipofika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, zilikuwa zimekwisha kuufyatulia mizinga mji wa Kisiwa cha Msumbiji, kwa hiyo uadui waliokutana nao haukuwa wa kushangaza. Kwa Malindi, mgeni mwenye mizinga aliyekosana na Mombasa alikuwa mtu wa kuzungumza naye.

Mazungumzo yenyewe hayakujaa mapenzi. Mfalme aliwapelekea kondoo sita pamoja na karafuu, bizari nyembamba, tangawizi, kungumanga na pilipili manga, lakini da Gama alikataa kushuka pwani, na wawili hao wakakutana kila mmoja akiwa ndani ya mashua yake. Siku chache baadaye Wareno walimzuilia melini mtumishi wa karibu wa mfalme mpaka walipoletewa rubani wa kuwavusha hadi Bara Hindi. Waling'oa nanga tarehe 24 Aprili, na kufikia tarehe 20 Mei walikuwa Calicut. Huo ndio uliokuwa urafiki wa Malindi na Ureno: kila upande ulikuwa na haja, na kila upande uliweka rehani.

Isidhaniwe kwamba Malindi ilikuwa ngeni kwa mambo ya dunia. Mwaka 1415 twiga kutoka mji huu alifikishwa mbele ya mfalme Yongle wa China, na baadaye merikebu za Zheng He, amiri wa mfalme huyo, zikafika hadi pwani hii. Baada ya mwaka 1433 safari hizo zilikoma, kwa uamuzi uliofanywa Beijing kwa sababu za Beijing. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye ugumu wote wa sera ya nje ya nchi ndogo, kwa sababu mshirika mkubwa huja na huondoka kwa hesabu zake mwenyewe, na jirani hubaki pale pale.

Hesabu ya Malindi ilifaulu kwa muda. Mwaka 1505 Wareno waliishambulia na kuiteketeza Mombasa, na kwa sehemu kubwa ya karne hiyo Malindi ikawa kituo chao katika pwani hii. Hata hivyo, walipoishinda Mombasa kabisa, waliipenda bandari yake kuliko walivyompenda rafiki yao. Walianza kujenga Ngome ya Yesu huko mwaka 1593, wakamhamishia huko mfalme wa Malindi awe mtawala, na Malindi yenyewe ikafifia. Yusuf bin Hasan, mfalme wa ukoo huo huo aliyelelewa na Wareno huko Goa, ndiye aliyewageuka mwaka 1631, akamuua kamanda wao na kuiteka ngome.

Lamu nayo ina kisa chake. Baada ya kuwashinda Wamazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate katika vita vya Shela, karibu mwaka 1812, watu wa Lamu waliona kwamba ushindi mmoja hautoshi, wakamwomba Sayyid Said wa Oman awalinde. Alikubali, akaleta liwali na askari, na ulinzi huo ukageuka kuwa utawala. Bara yake, kule Witu, Sultani Ahmed Simba alitafuta kinga dhidi ya Zanzibar kwa Wajerumani mwaka 1885, nao hata wakafungua posta mjini Lamu mwaka 1888, ambayo jengo lake lipo hadi leo. Miaka miwili baadaye Ujerumani iliiachia Uingereza Witu katika mkataba ambao kwa upande wake uliipatia Ujerumani kisiwa cha Heligoland, na Witu haikuulizwa. Kabla mwaka huo wa 1890 haujaisha, Waingereza walikuwa wameuchoma mji.

Kenya ya leo ina taasisi ambazo wafalme hao hawakuwa nazo: mabalozi huidhinishwa na Bunge la Kitaifa, na sheria ya mwaka 2012 inaweka utaratibu wa kuridhia mikataba. Lakini hesabu haijabadilika sana, na Lamu inaionyesha waziwazi. Gati la kwanza la bandari mpya, lililojengwa na kampuni ya Kichina, lilifunguliwa Mei 2021. Si mbali na hapo, Manda Bay, wako wanajeshi wa Marekani, ambao kambi yao ilishambuliwa na Al-Shabaab Januari 2020, Wamarekani watatu wakauawa. Mwaka 2024 Washington iliitangaza Kenya kuwa mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO. Wako wanaouita mwenendo huu kigeugeu. Mimi naona ni tahadhari ya nchi isiyotaka kuwa Witu.

Udhaifu uko kwa majirani. Bandari ya Lamu ilibuniwa kwa kutegemea Ethiopia na Sudan Kusini, na ilitarajiwa pia kupitisha mafuta ya Uganda, lakini mwaka 2016 Uganda iliamua bomba lake liende Tanga. Kuhusu mpaka wa baharini, Somalia iliishtaki Kenya mwaka 2014, na mahakama ya kimataifa ya The Hague ikaamua tarehe 12 Oktoba 2021 kwa namna iliyoipa Somalia sehemu kubwa ya eneo lililogombewa. Kenya imeukataa uamuzi huo. Mstari wenyewe unaanzia karibu na Kiunga, wanakovua watu wa Lamu, na hakuna dola kubwa itakayowachorea mwingine. Tangu mwaka 2024 Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo Nairobi na Mogadishu sasa huketi kwenye meza moja.