Mba hautokani na ukavu: acheni kuunywesha mafuta

Karibu kila anayekuja kwangu akilalamikia mba huanza kwa kunieleza kwamba ngozi ya kichwa chake ni kavu, kisha huongeza, kwa uhakika wa mtu aliyetimiza wajibu wake, kwamba anaipaka mafuta kila siku lakini haisikii. Wiki hii nimeisikia kauli hiyo tena kutoka kwa kijana ambaye utosi wake uling'aa kwa mafuta na ambaye nyusi zake zilijaa magamba ya manjano. Mimi ni daktari wa ngozi, na nimechoka kuona watu wakijiongezea maradhi kwa bidii.

Mba wa kawaida huota pale penye mafuta mengi. Juu ya ngozi zetu huishi fangasi wa jenasi ya Malassezia, iliyopewa jina la Louis-Charles Malassez, Mfaransa aliyewaeleza mwaka 1874. Fangasi hao hawawezi kujitengenezea asidi za mafuta wanazozihitaji, hivyo hutegemea mafuta yanayotolewa na tezi za ngozi. Vimeng'enya vyao, yaani kemikali wanazotumia kumeng'enya chakula, huyavunja mafuta hayo, wao wakala sehemu wanayoitaka na kuacha masalia, hasa asidi ya oleiki, ambayo hupenya kwenye ngozi na kuiwasha. Ngozi iliyowashwa huharakisha kuzalisha seli mpya, na zile za juu hubanduka zikiwa zimeshikana katika vipande vinavyoonekana kwa macho. Ndiyo maana mba huanza wakati wa kubalehe, tezi za mafuta zinapoamka, na huwa nadra kwa mtoto wa miaka saba. Na kwa anayedhani ninatia chumvi kuhusu mafuta: maabara zinapotaka kuwaotesha wengi wa fangasi hao, huwawekea mafuta, mara nyingi ya zeituni.

Kwa nini basi imani ya ukavu haifi? Kwa sababu mafuta hudanganya vizuri sana. Ukiyapaka, magamba hulowa, hulala juu ya ngozi na hayaonekani tena, na muwasho hupungua kwa saa kadhaa, labda kwa siku nzima. Mtu hujiangalia kwenye kioo akaridhika. Baada ya siku mbili magamba hurudi, naye huhitimisha kwamba mafuta yamekauka na kwamba anahitaji mengine mazito zaidi, ilhali kilichotokea ni kwamba magamba yaleyale yamejitokeza tena pamoja na mengine mapya. Nafuu hiyo ya muda ndiyo inayoniudhi kuliko uongo mwingine wote unaosemwa kuhusu nywele, kwa kuwa mgonjwa ameiona kwa macho yake mwenyewe na mimi namwomba asiyaamini.

Hapa lazima niwe mwadilifu, kwa sababu wapo wenzangu wanaokataza mafuta yote kwa neno moja na kuwapoteza wagonjwa wao. Nywele kavu na ngozi kavu ya kichwa ni mambo mawili tofauti. Nywele za kipilipili hukauka kwa kweli, kwa kuwa mafuta ya ngozi hayasafiri kwa urahisi kupitia mikunjo yake hadi kwenye ncha, na mwenye nywele hizo ana haki kamili ya kuzipaka mafuta. Ninachomwomba ni kuyaweka kwenye nywele zenyewe na kuiacha ngozi. Vilevile, magamba mazito yaliyoganda yanaweza kulainishwa kwa mafuta muda mfupi kabla ya kuoshwa, mradi yaondolewe yote siku hiyohiyo. Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki, ambayo katika maabara huwazuia fangasi kukua, lakini yana asidi nyingine pia zinazoweza kuwalisha, na sitayaandika kama dawa kwa msingi huo peke yake.

Ukavu wa kweli upo. Magamba yake ni madogo, meupe, kama unga, na mara nyingi mgonjwa huwa na miguu na mikono mikavu pia. Huyo apunguze kuosha na atumie shampuu laini. Magamba ya mba huwa makubwa zaidi, yana unato na umanjano, na hali inapozidi huonekana kwenye nyusi, kando ya pua na nyuma ya masikio. Limau na magadi ya kupikia, ambavyo wengine hujipaka kama tiba, havimfai yeyote kati ya hao wawili.

Dawa ninayoianza mara nyingi ni shampuu ya ketokonazoli, dawa ya fangasi, ya asilimia 2, mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili hadi nne, kisha mara moja kila wiki moja au mbili ili kuzuia mba usirudi. Inapakwa kwenye ngozi, mstari kwa mstari ikiwa nywele zimesukwa, na kuachwa kwa dakika tatu hadi tano kabla ya kusuuzwa. Wengi wanaosema imeshindwa waliipaka juu ya nywele na kuisuuza papo hapo. Kwa nywele za kipilipili, mara moja kwa wiki inatosha kuanzia. Shampuu yenye seleniamu salfaidi husaidia pia, ila inaweza kubadilisha rangi ya nywele zilizopakwa rangi.

Vitabu vingi huishia hapo kana kwamba jambo limekwisha. Halijaisha. Fangasi haohao wamo kwenye vichwa vya karibu watu wazima wote, wakiwemo wasiowahi kuona gamba hata moja, na asidi ya oleiki ikipakwa kwenye ngozi ya mtu asiye na mba, kwa kawaida haimletei. Kuna udhaifu fulani katika ngozi ya mgonjwa mwenyewe, na hatujaueleza vya kutosha. Kwa hiyo simwahidi mtu kupona kabisa. Namwahidi kuudhibiti mba, na kwamba utarudi akiacha kuosha.

Wiki nne zikipita bila mabadiliko, nashuku kwamba huenda si mba. Mtoto mwenye mabaka yaliyokatika nywele huenda ana mapunye, nayo huhitaji vidonge, kwani shampuu pekee haifiki ndani ya unywele. Magamba mazito ya rangi ya fedha, yenye mipaka dhahiri, yanaweza kuwa soriasisi, ugonjwa mwingine wa ngozi usioambukiza. Mba mkali unaomzukia mtu mzima ghafla na kumwenea hadi usoni na kifuani ni sababu tosha ya kupima VVU, kwa kuwa mba huzidi kinga ya mwili inaposhuka. Kwa yeyote kati ya hao, ombi langu ni moja: asipake chochote kichwani kwa siku chache kabla ya kuja, kwa sababu magamba yaliyolazwa na mafuta hayanionyeshi ni ugonjwa gani ulio chini yake.