Mlango wa rubani: tunayoambiana na yaliyo kweli

Nilisafiri na shangazi kutoka Kisumu kwenda Nairobi, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Tulikaa safu ya tatu. Mlango wa marubani ulipojifunga akaninong'oneza, "Wanajifungia hivi, wanamwogopa nani?" Swali hilo huulizwa sana, na majibu mengi yanayotolewa si ya kweli.

Wengi husema hayo ni mambo ya Wamarekani tu. Sivyo. Tarehe 29 Desemba 2000, ndege ya British Airways iliyokuwa ikitoka London kuja Nairobi ilikuwa juu ya Sudan, abiria wengi wamelala, abiria mmoja aliyechanganyikiwa akili alipoingia kwa marubani na kung'ang'ania usukani. Ndege ikaporomoka maelfu ya futi. Marubani, wakisaidiwa na abiria, walimdhibiti, na watu karibu 400 wakafika Nairobi salama. Safari ya kuja kwetu! Lakini ilibidi Septemba 11, 2001 itokee ndipo sheria zikabadilika. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2003, kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zinadai mlango unaohimili risasi na kuvunjwa kwa nguvu kwa ndege za abiria zenye viti zaidi ya 60, au uzito wa kuruka unaozidi kilo 45,500. Kwa hiyo si kweli kwamba kila ndege inao. Zile ndogo za kwenda Maasai Mara, unamwona rubani mgongo.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni kwamba mlango imara umemaliza kazi. Wahudumu wana namba za siri za kuufungua marubani wakizimia, ila aliye ndani anaweza kuwakatalia. Machi 24, 2015, rubani msaidizi wa Germanwings, shirika la ndege la Ujerumani, alimfungia nje nahodha wake na kuibamiza ndege mlimani Ufaransa. Watu 150 walikufa.

Tena mlango hufunguliwa rubani akienda msalani. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya 2018 iliagiza kizuizi cha pili, mbele ya mlango huo, kwenye ndege mpya, na kanuni yake ikatoka 2023. Zilizokwisha kuundwa hazikuguswa, na hapo naona wabunge waliishia njiani. Kwenye ndege nyingi kizuizi bado ni mhudumu na kitoroli cha chakula alichokikingamisha njiani. Ukimwona amesimama hivyo, rudi ukae mpaka mlango ufungwe.