Elementi 115 haimo katika mchanga wa Mambrui

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka katika magrupu ya Malindi: eti mchanga unaomeremeta wa Mambrui, hapa pwani ya Kenya, una "elementi 115", madini mazito kupita yote, na gramu moja tu yatosha kuwasha taa za mji mzima. Elementi hiyo ipo kweli, inaitwa moskoviamu. Ila haichimbwi popote duniani.

Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 2003 nchini Urusi, kwa kugonganisha viini vya atomi za kalsiamu, vyenye protoni 20, na vya amerisiamu, vyenye protoni 95. Protoni ni chembe ndogo zilizomo ndani ya kiini cha atomi, na idadi yake ndiyo namba ya elementi. Jumlisha mwenyewe, utapata 115. Zilipatikana atomi chache mno, zikavunjika kabla sekunde moja haijaisha. Protoni zote zina chaji chanya, hivyo husukumana. Zikizidi sana, kiini hushindwa kujishikilia. Ndiyo maana jedwali la elementi, mpaka sasa, limekomea 118.

Mkanganyiko unaeleweka. Wanasayansi husema huenda baadhi ya viini vizito zaidi vikadumu muda mrefu kidogo, na msikilizaji akadhani vimeshapatikana. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, maana kuna mzee anayeweza kutoa akiba yake yote kununua kipande cha jiwe anachoambiwa kina elementi hiyo.

Ukitaka kuhakikisha, fungua jedwali katika kitabu cha kemia cha sekondari. Madini meusi mazito ya mchanga wa pwani yetu yana titani, namba 22, na chuma, namba 26.