Wigo wa Uhakika na Thamani ya p: Tuzisome Namba za Jaribio la Kisumu

Wanafunzi wa sayansi za afya ninaowafundisha takwimu huja darasani wakiwa tayari wana mazoea ya kuitafuta thamani ya p (kipimo cha jinsi matokeo kama hayo yangeweza kujitokeza kwa bahati tu) katika kila makala ya utafiti wanayoifungua: wakiikuta iko chini ya 0.05 huridhika, wakiikuta iko juu huiweka makala pembeni. Mazoea hayo yananisikitisha, kwa sababu namba zenye habari nyingi zaidi kwa kawaida huwa zimeandikwa kwenye sentensi hiyohiyo, ndani ya mabano, nazo ni mipaka ya wigo wa uhakika, yaani eneo la thamani zinazolingana na takwimu zilizokusanywa. Wigo wa uhakika na upimaji wa nadharia tete (dai linalojaribiwa kwa takwimu, ambalo thamani ya p hutumika kulipima) hutokana na hesabu moja, na mtu anayeanza kujifunza atafanya vyema kuusoma wigo kwanza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni jaribio la tohara kama kinga dhidi ya VVU lililofanyika Kisumu, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2007. Vijana 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24, ambao hawakuwa na VVU wala hawakuwa wametahiriwa, waligawanywa kwa nasibu katika makundi mawili: 1,391 walipangiwa kutahiriwa mara moja, na 1,393 walipangiwa kusubiri miaka miwili. Jaribio lilisimamishwa Desemba 2006, kabla ya muda uliopangwa, kwa kuwa tofauti ilikuwa imeonekana waziwazi na haikuwa haki kuendelea kulinyima kundi la pili kinga hiyo. Kufikia hapo walikuwa wameambukizwa vijana 22 katika kundi la kwanza na 47 katika kundi la pili. Baada ya kuzingatia muda ambao kila mshiriki alifuatiliwa, watafiti walikadiria kwamba hatari ya kuambukizwa ndani ya miaka miwili ilikuwa asilimia 2.1 kwa waliotahiriwa na asilimia 4.2 kwa waliosubiri.

Namba hizo mbili ni makadirio. Kama vijana walewale wangegawanywa upya, au wangechaguliwa wengine, hesabu ingetoa namba zilizosogea kidogo huku au kule, na kiasi cha kusogea huko ndicho tunachokipima kwa kosa sanifu. Tukichukua kadirio, tukaongeza na kupunguza kosa sanifu lililozidishwa kwa 1.96, tunapata wigo wa uhakika wa asilimia 95. Watafiti waliripoti wigo wa 1.2 hadi 3.0 kwa kundi la kwanza, na wa 3.0 hadi 5.4 kwa kundi la pili.

Asilimia 95 hapa ni sifa ya njia iliyotumika kutengeneza wigo, kama Jerzy Neyman alivyoeleza alipoiweka nadharia hii mwaka 1937. Tukirudia utafiti mara nyingi na kila mara tukatengeneza wigo kwa njia hiyo, takriban mara 95 katika kila 100 wigo utaikumbatia thamani halisi. Wigo mmoja uliokwisha kuhesabiwa ama unayo thamani hiyo ama hauna, na hatuna njia ya kujua ni upi kati ya hayo mawili. Wala wigo huo hausemi kwamba asilimia 95 ya vijana wako ndani yake. Kosa hili nalikuta katika karatasi za mtihani kila mwaka.

Sasa tazama tena namba hizo: wigo wa kwanza unaishia 3.0, na wa pili unaanzia 3.0. Unagusana na mwenzake, na wengi huhitimisha papo hapo kwamba tofauti kati ya makundi haijathibitika. Hitimisho hilo ni batili, na sababu yake inastahili kukaliwa kwa muda. Nusu ya upana wa wigo wa kwanza ni 0.9, na ya wigo wa pili ni 1.2. Anayeangalia kama umegusana au la anazijumlisha namba hizo na kupata 2.1, kana kwamba makundi yote mawili yangekosea kwa kiasi kikubwa kabisa, kwa wakati mmoja, na kila moja kuelekea upande wa mwenzake. Lakini makundi hayo hayategemeani, na makosa yasiyotegemeana hujumlishwa kwa miraba yake: mraba wa 0.9 ni 0.81, mraba wa 1.2 ni 1.44, jumla yake ni 2.25, na kipeuo chake cha pili ni 1.5. Ni hesabu ileile ya pembetatu ya Pythagoras. Tofauti iliyokadiriwa, yaani 4.2 kutoa 2.1, ni 2.1; kwa hiyo wigo wa uhakika wa tofauti yenyewe unaanzia 0.6 na kuishia 3.6, na sifuri iko nje yake. Anayetaka kulinganisha makundi mawili autafute wigo wa tofauti.

Kutoka hapo upimaji wa nadharia tete ni hatua fupi. Nadharia tete ya sifuri inadai kwamba tohara haibadilishi chochote, yaani tofauti halisi ni 0. Kosa sanifu la tofauti ni 1.5 kugawanya kwa 1.96, ambayo ni kama 0.77, na kadirio letu la 2.1 liko umbali wa takriban makosa sanifu 2.7 kutoka sifuri. Jedwali la mgawanyo wa kawaida linatupa thamani ya p ya karibu 0.006, na watafiti wenyewe, kwa hesabu kamili zaidi, waliripoti 0.0065. Maana yake ni hii: kama tohara isingekuwa na athari yoyote, tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi, kwa upande wowote, ingejitokeza kwa bahati tu katika majaribio sita au saba hivi kati ya 1,000. Haimaanishi kwamba nadharia tete ya sifuri ina uwezekano wa 0.0065 wa kuwa kweli, kwa sababu hesabu nzima ilianza kwa kuichukulia kuwa ni kweli.

Uhusiano wa mambo haya mawili ni wa karibu sana. Kila thamani iliyo ndani ya wigo wa asilimia 95 ni nadharia tete ambayo kipimo cha kiwango cha 0.05 kisingeikataa, na kila iliyo nje ingekataliwa. Thamani ya p inatujibu kuhusu thamani moja tu, ambayo ni sifuri. Wigo unatujibu kuhusu thamani zote kwa pamoja.

Faida yake inaonekana tunapoweka majaribio kando kwa kando. Kisumu ilionyesha punguzo la maambukizi la asilimia 53, wigo ukiwa 22 hadi 72. Majaribio mengine mawili ya tohara yalionyesha hivi: Rakai, Uganda, asilimia 51, kutoka 16 hadi 72. Orange Farm, Afrika Kusini, asilimia 60, kutoka 32 hadi 76. Kadirio limesogea, lakini sehemu kubwa ya kila wigo inaangukia palepale. Linganisha na jaribio la chanjo ya VVU la Thailand, lililochapishwa mwaka 2009, ambalo liliripoti punguzo la asilimia 31.2 na thamani ya p ya 0.04. Msomaji wa thamani ya p anaona ushindi. Msomaji wa wigo anaona kwamba unaanzia asilimia 1.1 na kuishia 52.1, yaani chanjo inaweza kuwa na faida kubwa au isiwe na faida yoyote ya maana. Watu saba waliogundulika kuwa na maambukizi tangu mwanzo waliporudishwa kwenye hesabu, wigo ulishuka chini ya sifuri na thamani ya p ikawa 0.08.

Chanjo ya aina hiyo, ikiwa imerekebishwa, ilijaribiwa Afrika Kusini, na utoaji wake ukasimamishwa mwaka 2020. Uwiano wa hatari kati ya waliochanjwa na wasiochanjwa ulikuwa 1.02, wigo ukiwa 0.81 hadi 1.30; uwiano wa 1 una maana kwamba hatari ni sawa kwa makundi yote mawili. Kushindwa kuikataa nadharia tete ya sifuri, peke yake, hakuthibitishi kwamba chanjo haifanyi kazi, kwa kuwa hata jaribio dogo lisilo na nguvu ya kugundua athari iliyopo hutoa jibu kama hilo. Hapa, hata hivyo, ukingo wa chini wa wigo unatuambia kwamba punguzo lolote linalozidi asilimia 19 halilingani na takwimu zilizokusanywa.